Unga wa Saa Tatu

Saa tatu asubuhi, kahawa haijapoa,
Huguette Froidevaux huweka kibano chini,
hukivua kioo cha jichoni, duara jekundu likabaki
kama muhuri wa posta,
hufungua karatasi iliyokunjwa mara nne
na kuunyunyiza unga juu ya mkate wenye siagi.
Alikula hivyo. Sote tulikula hivyo,
wanawake ishirini na wawili wa dirisha la kaskazini,
tukitia kamani nyembamba kuliko unywele
ndani ya saa tusizoweza kuzinunua.

Msimamizi hakukataza. Mkono usiotetema una bei yake.
Kopo la unga lilikaa ubavuni mwa kopo la sukari,
na mgeni akiingia kazini tulimwonyesha msala,
msumari wa kutundikia koti,
kisha kopo.

Mwanzoni kilikuwa kipanda uso cha kawaida,
cha mara moja kwa mwezi, chenye adabu zake:
hubisha hodi, hulala siku moja, huenda.
Unga ulikifukuza kwa nusu saa.
Basi akaanza kukifukuza kabla hakijabisha.
Baadaye akawa anaufukuza mlango wenyewe.

Dawa ya moto ni moto, nilimwambia,
huku nacheka, huku nampa pakiti yangu ya akiba.
Kule baa ya stesheni wanaume walizimua,
walikunywa asubuhi kile kilichowaangusha usiku.
Tuliwasengenya sana.
Tukapangusa chembe nyeupe midomoni, tukarudi kazini.

Na maumivu ya leo yaliandikwa jina la kesho.
Alfajiri, kabla hata ya jogoo wa Aubry,
mdai alikuwa ameshaketi kitandani
na daftari lake la riba.

Daktari Chappuis, kijana, mwenye mafua siku hiyo,
hakuuliza kinauma wapi.
Aliuliza: mwezi uliopita ulimeza siku ngapi?
Huguette akacheka. Niulize siku ambazo sikumeza.
Jumapili ya Pasaka. Niliusahau unga kwa dada yangu…
Hapana. Niliufuata. Kilomita sita, theluji magotini.
Hapo akajisikia mwenyewe akisema,
akaishika kofia yake mapajani kama anayeizuia isiruke.

Aliacha Jumatatu moja ya Oktoba.
Ng'ombe walikuwa bado malishoni,
na kila kengele shingoni mwao ilipigwa ndani ya jicho lake.
Armand, mumewe, alivua viatu nje,
akaifunika saa ya ukutani kwa taulo,
akarudi tena akaisimamisha kabisa.
Siku ya nne alimsihi. Siku ya tano alimtukana
kwa maneno ambayo Armand alikataa kunirudia.
Siku ya sita alimkuta jikoni
ameipindua mifuko ya aproni ya kazini,
analamba mshono.

Siku ya kumi na mbili aliamka
akabaki ametega sikio.
Kuna kitu hakipo:
kama Jumamosi adhuhuri mashine zinapozimwa,
ndipo unajua zilikuwa zikinguruma.

Amerudi kwenye benchi, ubavuni mwangu.
Anakula mkate mtupu. Hasemi neno kuhusu wangu.
Wiki iliyopita kile cha zamani kilimjia, chenye adabu.
Akaenda kujilaza gizani, katikati ya makoti,
akatoka saa nane na uso wa majivu,
akaniambia, ndicho, nimekitambua,
kwa sauti ya mtu aliyekutana na jirani ugenini.

Usiku ule niliishusha kalenda,
nikatia msalaba kila siku niliyomeza.
Kalamu ilichoka kabla ya Machi.

Leo nimeamka na mdai miguuni pangu.
Nje kengele zimeanza. Saa tatu.
Kahawa haijapoa.
Huguette anatazama kazi yake, kazi yake tu.
Ninafungua karatasi: mkunjo wa kwanza, wa pili,
wa tatu.